Kwa Nini Panya Huonja Kisha Hungoja

Mnamwita panya mwoga kwa sababu akikuta chakula kigeni humega kidogo, akaenda zake, asirudi hadi kesho. Neno hilo si la haki. Nitawaeleza jambo hili lilikoanzia, kisha mcheke mkitaka.

Zamani panya hawakuwa na tahadhari hiyo. Walikula chochote papo hapo hadi wakashiba. Mtemi wao, Gwesa, alikuwa na desturi moja aliyoiona kuwa hekima: chakula kigeni kikifika, kilionjwa kwanza na mke aliyeolewa karibuni kuliko wote. Binti wa ukoo hakuonja, wala mwanamume hakuonja. Alionja mgeni, kwa kuwa akifa, ukoo haukupoteza damu yake. Akimeza akiwa bado amesimama, chakula kilitangazwa kuwa salama. Uchunguzi wote ulikuwa huo: kutafuna na kumeza.

Mwaka mmoja watu wa kijiji walivuna muhogo mchungu, wakaurundika nyuma ya ghala kabla ya kuuloweka. Panya hawakuwa wameuona muhogo maishani mwao. Aliyeitwa kuonja alikuwa Nyamizi, mke wa Lubango. Ndoa yao ilikuwa na miezi miwili.

Nyamizi alitafuna, akasita. "Mtemi, una uchungu nyuma ya ulimi. Tungoje kidogo."

"Umemeza?"

"Nimemeza, lakini..."

"Na umesimama. Maliza hicho kipande, wenzako waone."

Lubango alifungua mdomo kusema. Mzee mmoja akamkatiza: "Tulia, bwana arusi. Hatujamla mkeo." Wazee wakacheka, na karamu ikapangwa iwe kesho yake, wageni wa koo za jirani watakapofika.

Mchana Lubango alimpa mkewe mtama kidogo auondoe ule uchungu mdomoni. Jua lilipoanza kushuka, Nyamizi alishikwa na kizunguzungu, miguu ikalegea, pumzi ikawa fupi. Kabla jua halijazama alikuwa amekufa.

Baraza likaitwa. Gwesa hakuuliza marehemu alikula nini asubuhi. Aliuliza alikula nini mwisho. Alipoambiwa ni mtama, aliutangaza mtama kuwa sumu na Lubango kuwa mwuaji wa mkewe. Karamu ya muhogo, alisema, iko palepale.

Lubango alikwenda kuuchukua mtama uliobaki, akaula wote mbele ya baraza, kisha akaketi pale pale. Wazee walikaa wakimngoja afe. Kulipokucha alisimama, akajikung'uta vumbi.

"Mtama nimeula," alisema. "Sasa Mtemi ale muhogo."

"Mtemi haonji," Gwesa alijibu, akamwita mke aliyemfuata Nyamizi kwa ugeni. Mke huyo aliutazama muhogo, akamtazama na Mtemi.

"Atangulie aliyesema ni salama," alisema, akaketi chini. Wake wengine wote nao wakaketi.

Wageni, waliokuwa wamekwisha kufika na njaa zao, wakamgeukia Gwesa. Muhogo ulikuwa mbele yake, hatua moja tu. Hakuugusa. Hakukiri kosa, hakumwomba Lubango radhi, wala hakulitaja tena jina la Nyamizi hadi alipokufa kwa uzee, ameshiba. Kuna waliosema baadaye kwamba alikuwa amechoka siku ile, kwamba mambo ya wageni yalikuwa mengi. Hakuwa amechoka. Alijua, na kwa kujua kwake alifunga mdomo. Kila aliyekuwapo aliuona mdomo ule ulivyofungwa, na karamu ikaisha bila kuliwa.

Na tangu asubuhi ile, panya akikuta chakula asichokijua, humega kidogo tu, kisha hulipatia tumbo lake muda wa kusema. Likinyamaza, kesho atarudi. Likimwuma, hatakigusa tena chakula hicho maisha yake yote, hata umchanganyie na samli. Akirudi shimoni, wenzake humnusa mdomo wajue alichokula, nao hujifunza kwa harufu hiyo. Lakini hutampata panya anayeonja kwa amri ya mwingine, hata umtafute vipi. Anayetaka kula hutia mdomo wake mwenyewe, awe mtemi au mke aliyeingia ukoo jana.