Milango ya Makabati ya Mzee Shemboza

Siwema, fundi rangi wa Tanga, alimwomba tajiri Shemboza wiki moja, aondoke na milango ya makabati ya jikoni akaipake karakanani kwake.

"Imalize leo, hapa hapa," Shemboza alifoka, "la sivyo nitautangazia mji mzima kwamba hujui kazi."

"Sawa, mzee. Ila nikishaipaka isiguswe mpaka ikauke."

"Haiguswi."

Siwema akaipaka yote ikiwa imefungwa. Adhuhuri Shemboza akataka chai.

"Sukari iko wapi?"

"Kabatini, mzee."

"Na vikombe?"

"Kabatini."

"Itakauka lini?"

"Jua likiwaka, kesho kutwa. Halafu nitairudia rangi, mkono wa pili."

Shemboza akaleta bisibisi, akaanza kuing'oa milango mwenyewe, viganja vimejaa rangi.

"Nenda nayo, mwanangu. Kaa nayo hata mwezi."