Nguzo ya Shimo la Mwakalobo

Nguzo haiulizwi ina nini. Mmeisikia, mmecheka, sasa mnataka kujua ni nguzo gani hiyo. Sikilizeni, wanangu, ilikotoka.

Huko Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu, enzi zile mji ulipokuwa bado mahema na vibanda vya nyasi, aliishi Sekela, mjane wa mchimbaji Mwakalobo. Siku moja, akiosha mchanga mtoni kwa karai, aliusikia uvumi: ile nguzo ya mwamba aliyoiacha marehemu mumewe katikati ya shimo, ili ishike paa, imejaa dhahabu tupu. Wenzake walisema wakapita. Yeye haukumtoka. Aliusikia kwenye kinu akitwanga, aliusikia kwenye maji. Akisinzia, aliona mlima umelala kama mtu, unapumua taratibu, na mwanawe Ambokile amekaa mdomoni mwake, anachokonoa jino.

Asubuhi moja akakuta sururu haipo ukutani. Alikimbia na unga mikononi. Vumbi jeupe lilikuwa likitoka shimoni polepole, kama moshi wa jiko lisilo na haraka, na ndani walicheka watu wawili: Ambokile na rafiki yake Nsajigwa.

"Ambokile! Mnachimba wapi?"

"Kwenye nguzo, mama. Baba alituachia akiba!"

"Baba yako aliacha paa. Toka!"

"Mama yako anaota tena," Nsajigwa akasema. "Mwambie atuchemshie chai, leo tunakunywa na sukari."

Sekela akajifunga kanga kiunoni. "Basi naingia mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Wachimbaji wale walikuwa na mwiko wao: mwanamke akikanyaga shimoni, dhahabu hukimbia.

"Mama, usithubutu! Utatuharibia!"

"Naharibu. Mguu mmoja huu, umeshaingia."

Ambokile akaja mbio kwa hasira, uso mweupe kwa vumbi, akamshika mama yake mabega amsukume nje.

"Wewe mama gani..."

Hakumaliza. Nyuma yake mlima ulishusha pumzi, paa lote likaporomoka.

Mama na mwana, waliokuwa mdomoni mwa shimo, walifukua mpaka mikono ikachubuka. Nsajigwa hakuonekana.

Matangani, wanaume walinong'onezana kando ya moto, mama yake Nsajigwa akiwasikia: "Lakini jamani, kweli ilikuwa na dhahabu?"

Sekela akainua kichwa. "Nguzo haiulizwi ina nini."



Basi ninyi mtakaokwenda machimboni, maana kukatazwa hamkatazwi mkasikia:

Msiguse nguzo mliyoikuta.
Msiingie shimo la zamani kwa sababu watu wamesema.
Msichukue sururu bila kuaga nyumbani.
Msimcheke anayewaita kutoka nje. Tokeni kwanza, mgombane naye juani.
Na mkiiona inang'aa, msisogee kutazama vizuri. Nguzo haiulizwi ina nini.