Siku Tatu za Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimelegea? Mmekula mkashiba, kuitika hamwezi? Na nyie wakubwa mlioegemea ukuta, nanyi pia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Leo sina kichekesho. Anayetaka kucheka akachekee nje.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakizikana, palikuwa na nyani. Nyani wengi, tele. Walikaa kwenye jabali moja refu, na jumbe wao alikuwa mkali, usiseme. Nyani hao walikuwa na mila. Akifa mwenzao, wanakaa matanga siku tatu. Hakuna kucheza, hakuna kuhama. Siku ya nne matanga yanaanuliwa, maiti inafunikwa kwa mawe, watu wanashika njia kutafuta chakula. Siku tatu. Si mbili, si nne.

Basi alikuwako jike mmoja, jina lake Siwema. Alikaa miaka na miaka bila mtoto. Akaja akapata mmoja, Sudi. Loo, Sudi! Anavuta masikio ya mamake, anavuta mpaka mkia wa jumbe, na jumbe hasemi kitu. Ikaja mvua ya masika. Chururu, chururu, haikati. Sudi akashikwa na kikohozi. Siku ya kwanza, kho! Siku ya pili, kho, kho! Siku ya tatu, kimya.

Wenzake Siwema wakaja. "Pole, Siwema." "Pole, mama." "Jikaze, mama."

Siwema kampakata mwanawe, anamchambua manyoya. Akasema, "Amelala tu. Akiamka ataniita."

Siku ya kwanza hakumweka chini. Siku ya pili hakumweka chini. Siku ya tatu akienda mtoni, anaye. Akipanda mti, anaye. Kamshika kwa mkono mmoja, anatembea kwa mitatu iliyobaki, na chakula hakigusi.

Ikaingia siku ya nne. Jumbe akapaza sauti, "Wahu! Wahu! Matanga yameanuliwa! Mweke chini huyo, tuondoke."

"Amelala tu."

"Siwema! Siku tatu zimekwisha!"

"Zenu zimekwisha," akasema Siwema. "Zangu hata moja haijaisha."

Sasa, Siwema alikuwa na wifi yake, Mafunda. Mafunda hakuwa mbaya, msije mkasema alikuwa mbaya. Aliogopa. Maiti ya siku nne inanuka, harufu inaita chui, na chui hachagui. Naye mgongoni ana binti yake, Chausiku, rika moja na Sudi, ndiyo kwanza anaota meno. Mafunda akawaambia wenzake, "Jamani, tumsaidie. Akisinzia tumtoe mtoto, tumfunike. Akiamka atalia, atanyamaza, tutakwenda."

Wote wakasema, sawa. Wote! Hata mmoja hakuuliza.

Jua likawaka, Siwema akasinzia. Mafunda akanyata, nya, nya, nya. Akamchomoa Sudi mikononi mwa mamake, wakampeleka chini ya mawe, wakamfunika.

Siwema akaamka. Akapapasa kifuani, hakuna. Akapapasa mgongoni, hakuna. "Sudi! Sudi wee!" Akafunua majani, akachungulia pangoni. Akamuuliza huyu, akamuuliza yule. Wote wanatazama kando.

Chausiku alikuwa chini anachezea kijiti. Siwema akamwona. Akamrukia, akamnyakua, akapanda naye jabali, paru, paru, paru, mpaka juu kabisa, ukingoni. Chini yake ni bonde la mawe matupu.

"Si niliwaambia amelala?" akasema. "Huyu hapa, ameamka."

Mayowe hayo! Mafunda akapiga magoti. "Wifi! Wifi yangu, nakuomba! Huyo ni Chausiku!"

"Mwanangu huyu."

Jumbe akapanda hatua moja. Siwema akarudi nyuma hatua moja. Jumbe akapanda ya pili. Siwema akarudi ya pili. Kokoto likaporomoka, likaenda, likaenda, ndipo wakasikia, ta! Jumbe akasimama. Ukali wote ukamwisha.

Chausiku ana njaa, akatafuta ziwa, akaanza kunyonya. Maziwa yalikuwa yamejaa siku nne, yanauma. Siwema akafumba macho.

Mafunda akaona. Moyo ukampasuka. "Jumbe, usipande," akasema. "Mimi ndiye niliyemwibia. Nitamrudishia mimi."

Akaenda kwenye yale mawe. Wale aliokwenda nao mara ya kwanza sasa wanaziba pua, hawasogei. Akafukua peke yake mpaka kucha zikatoka damu. Akamtoa Sudi. Nzi wamemjaa, harufu haina mfano. Akamweka kifuani pake, pale pale anapolala Chausiku, akapanda jabali polepole, analia.

Akakaa mbali kidogo. "Wifi, nilikuchukulia mwanao ukiwa umelala. Huyu hapa. Nisamehe. Sikuambii umweke chini. Mshike mpaka moyo wako uridhike."

Siwema akamtazama huyu. Akamtazama yule. Akamnusa huyu. Akamnusa yule. Akanyoosha kidole, akaugusa uso wa Sudi.

"Huyu ndiye wangu," akasema. "Huyu hapumui."

Siku nne zote hakuwahi kulitamka neno hilo. Akamtoa Chausiku kifuani, akampa mamake. "Mchukue. Ameshiba."

Ndipo Siwema alipolia. Kilio kile, wanangu, hata mimi ninayehadithia siwezi kukiiga. Nyani wote wakapanda, na jumbe wao, wakaketi. Hakuna aliyesema jikaze. Harufu wakaivumilia. Wakalinda kwa zamu, chui asije. Siku ya tano wakaketi. Siku ya sita wakaketi, na matumbo yanawauma njaa.

Siku ya saba asubuhi, Siwema akainuka mwenyewe. Akashuka, akamlaza Sudi kati ya mawe. Mafunda akaokota jiwe asaidie.

"Ngoja," akasema Siwema. Akamchambua mwanawe manyoya, sikio hili, sikio lile, tumboni, mgongoni, hakuacha mahali. Kisha akaweka jiwe la kwanza kwa mkono wake.

"Sasa njoo, wifi," akasema. "Nisaidie. Peke yangu siwezi."

Tangu siku hiyo, nyani akifiwa na mtoto humbeba mpaka mwenyewe amweke chini, na wenzake hawamnyang'anyi.

Basi wakubwa kwa wadogo, funzo nalisema wazi: msiba ni wa aliyefiwa, wala siku zake hazipangwi na jirani. Usimharakishe, usimdanganye. Keti naye. Akiwa tayari atakuita.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye wa kumlilia, na amlilie.