Kokoto la Bwana Domo

Hapo zamani za kale, watoto, enzi ambazo hata fungo, yule mnyama wa usiku, alikuwa na sebule na pazia lake, Bi Fungo alifuga samaki katika tangi la kioo. Walikuwa samaki wadogo wa ziwani. Wengine hulala ndani ya magamba ya konokono, wengine hulea mayai mdomoni. Bi Fungo alipenda sana kuwaozesha.

Siku moja samaki jike aitwaye Tunu hakutulia. Mwili wake wote haukuzidi kidole gumba, na kati yake na mchumba aliyechaguliwa palikuwa na kioo chembamba tu. Du! Du! Bwana Domo alikigonga kwa paji la uso. Wachumba wawili waliomtangulia Tunu walitolewa mapezi yamechanika, na mmoja hakupona. Bi Fungo alisema ni bahati mbaya. Dume likiwa kubwa, ndoa huwa imara. Jioni angekiondoa kioo.

Tunu akaingia kwenye gamba lake, akatoka, akaingia tena. Ajifiche? Domo angelibeba gamba lenyewe na yeye ndani. Akimbie? Akimbilie wapi, na tangi lina kuta?

Mara Bi Fungo akaja na wavu, akamchota jirani aliyevimba mashavu na kukataa chakula. Hao ndio wenye mayai mdomoni. Huhamishiwa beseni la kioo la wazazi, pale kando, wakae kwa utulivu. Tunu akatazama mpaka wavu ulipotoka majini. Kisha akasogelea kioo.

"Bwana Domo, kwetu kuna mila ya ndoa. Ila nadhani itakushinda."

Domo akaacha kugonga. "Mila gani ya kunishinda mimi?"

"Bwana harusi hushika ufunguo wa nyumba mdomoni." Akasukuma kokoto la mviringo kwenye upenyo chini ya kioo. "Hautemi, hali, hasemi neno, mpaka bibi harusi amfungulie mlango. Bwana harusi wa mwanzo alishindwa chakula kilipomwagwa tu."

"Huyo alikuwa mwanamume jina," akasema Domo, akalidaka kokoto. Mashavu yakamvimba.

Jioni chakula kikanyunyizwa. Chembe zikapita puani mwa Domo, moja ikamtua mdomoni. Tumbo likamnguruma. Akifumbua mdomo tu, kokoto litatoka na kioo kitaondolewa. Tunu, roho juu, akamtikisia mkia kama bibi harusi. Domo akafumba mdomo zaidi.

Bi Fungo akaweka pua kwenye kioo cha tangi. "Hebu nikuone, Domo. Mashavu hayo, na chakula hutaki?" Akajipiga kofi pajani. "Kumbe mwenzetu mama kijacho! Ndiyo maana ukawa mkali kwa wake wenzio."

Domo angejibu, lakini kujibu ni kukosa mke. Chubwi! Wavu ukamzoa, naye kokoto kalishikilia.

Tunu akaona kupitia kioo, kule beseni, wazazi wakimpisha mgeni kwa heshima. Mkubwa wao akamuuliza taratibu, "Shoga, ndio uzazi wako wa kwanza?"

Domo akafoka, na kokoto likamtoka, ngo! likagonga beseni. Wazazi wakaliinamia kulitazama.

"Masikini," akasema mmoja. "Kazaa jiwe."

Basi, wanangu: mwenye nguvu akijifunga mdomo kwa tamaa, mnyonge hahitaji meno.