Homa Yenye Majeraha Matatu

Niwieni radhi, ndugu zangu katika imani. Kisa hiki nilikipokea kizima kutoka kwa mcha Mungu; kwangu kitawafikia kinachechemea.

Inasimuliwa kwamba zamani aliishi mjane mwema, Bi Ruzuna, aliyeosha maiti wa kike wa mji wake bila ujira. Na desturi ya mwosha maiti ni moja: alionalo ubaoni halivuki pazia.

Siku moja akaitwa kasrini. Malkia Safura amefariki. Amiri Jubairi, mkuu wa walinzi, yule yule aliyeshika msahafu akaapa kumlinda, alikwisha kutangaza kwamba Malkia kachukuliwa na homa, na kwamba kiti kamwachia yeye.

Bi Ruzuna akafunua shuka. Majeraha matatu, yote mgongoni. Kwenye paji la uso, alama ya mkeka wa kusalia. Waungwana, homa gani hiyo inayobeba jambia, ikamvizia mtu hadi asujudu?

Ghadhabu ikampanda. Akasubiri itulie, akamwosha, akaziba majeraha kwa pamba, moja baada ya moja.

Amiri alikuwa akimngoja nyuma ya pazia.

"Mama yangu, wewe mtu wa dini. Wajua thawabu za kusitiri aibu ya maiti."

"Nazijua, mwanangu. Hata ya marehemu mama yako ninayo, sijamwambia mtu."

"Basi huko nje watu wananong'ona. Waambie hukuona kitu."

"Na nikisema nilichokiona?"

Amiri akapapasa upanga. "Ubao wako bado haujakauka."

Uani, watu na askari walikwisha kupanga safu za kumsalia Malkia. Amiri akapaza sauti: "Mwosha huyu hapa. Muulizeni."

Bi Ruzuna alijua shingo anayo moja tu. Akasema taratibu: "Aibu ya maiti ningeisitiri, lakini hakuwa nayo. Majeraha matatu ya mgongoni si aibu yake. Ni yako, Amiri, na mimi siwaoshi walio hai."

Amiri akaamuru akamatwe. Askari wakatazamana, hapakuwa na mmoja ambaye mama yake, au bibi yake, hakupita mikononi mwa mjane yule. Hakuna aliyenyanyua mguu. Kisha safu zikasogea, zikapangwa upya, na Amiri akabaki nje ya safu, peke yake, na upanga wake.

Basi tuzingatie: sitara ni haki ya aliyeonewa, si shuka ya kujifunika aliyeonea. Mimi kila nikisimulia humlaani Amiri huyu mpaka sauti inikauke. Na wiki iliyopita askari wa soko alimzaba kibao muuza mihogo mbele ya macho yangu, nikaitwa nitoe ushahidi. Nikawaambia kusitiri kuna thawabu, nikaendelea kula mihogo yake.