Mbuzi wa Hitima ya Mtu Aliye Hai

Sogeeni, mwenye sikio na mwenye simu. Hukumu mtaitoa nyinyi.

Katika gazeti moja la mtandaoni mjini Korogwe palikuwa na watu watatu wenye vipawa. Tunu, mwandishi, alikuwa na macho. Elinami, fundi wa mitambo, alikuwa na ujuzi. Bwana Chuwa, mhariri, alikuwa na ruhusa. Msicheke. Zipo ofisi ambazo ruhusa ndicho kipawa pekee, na mwenye nacho hahitaji kingine.

Asubuhi moja gazeti hilo liliandika kwamba Mzee Hemedi Sekiondo, mwenye mashine ya kusaga, amefariki dunia. Aliyefariki alikuwa wajina wake wa kijiji jirani. Mzee Hemedi mwenyewe alikuwa akipiga pasi kanzu, kwa kuwa alasiri alikuwa anamwoza binti yake, Zubeda.

Shemeji yake, Mbwana, alisoma habari ile akaenda kununua mbuzi wa hitima kabla ya kupita kuuliza. Nyumba zao zimetenganishwa na ua. Mzee alimtazama shemeji, akamtazama mbuzi. "Huyu angalau hajui kusoma," akasema.

Msafara wa bwana harusi, ukitokea Tanga, ulikuwa umesimama Segera. Mzee akampigia mshenga wao, Bwana Semboja.

"Mimi Hemedi. Mbona mmesimama? Njooni."

"Marehemu hapigi simu."

"Ndiyo nakwambia mimi si marehemu!"

"Gazeti limeandika. Wewe nani hata ulibishie gazeti?"

"Basi nitazame usoni, kwa video."

"Siku hizi hata sura zinatengenezwa. Ndoa haifungwi juu ya msiba, ndugu yangu. Gazeti likibadilika kabla ya adhuhuri, tunakuja. Lisipobadilika, tunageuza."

Mzee akaacha pasi, akaenda gazetini akimkokota mbuzi, maana hakumwamini tena yeyote wa kumwachia.

Bwana Chuwa alimpokea kwa upole wa mtu asiye na kosa. Habari ilikwisha kusahihishwa, alisema, akamgeuzia kompyuta. "Tazama, mzee. Kwangu hapa u mzima kabisa."

"Kwenye simu yangu nimekufa."

"Basi simu yako mbovu."

"Na ya Semboja? Au niwaambie waje wafunge ndoa juu ya meza yako?"

Mzee akapaza sauti ofisi nzima isikie: mbuzi yule atakuwa wa mtu atakayemtoa kaburini. "Mtu", alisema. Hakusema "watu".

Ndipo Tunu alipoinua macho. Akafungua habari kwenye simu yake: mzee amekufa. Akaazima simu ya mlinzi: amekufa. Akarudi kwenye kompyuta ya mhariri: mzima. "Sisi tunaoingia kwa nywila tunaona habari mpya," akasema. "Walio nje wote wanaona ya asubuhi." Mpaka hapo ofisi nzima ilikuwa ikilaumu simu ya mzee.

Elinami aliposikia hayo akavua miwani. "Basi ni nakala. Msomaji wa nje hapewi ukurasa wenyewe, anapewa nakala iliyohifadhiwa, ili ufunguke upesi. Ni chupa ya chai, mzee. Jikoni wamepika mpya, lakini wageni bado wanamiminiwa ya kwenye chupa. Isipomwagwa, watainywa hadi kesho."

"Imwage basi!"

"Kitufe cha kumwagia anacho Bwana Chuwa." Akamwonyesha mhariri namna ya kufuta nakala ya ukurasa ule mmoja bila kugusa nyingine.

Bwana Chuwa akataka ombi la maandishi.

"Niandike nikiwa marehemu?" mzee akauliza.

Ukweli ni kwamba Chuwa aliogopa. Mara ya mwisho alizifuta nakala zote kwa pamoja, tovuti ikazimika, na mwenye gazeti akaapa kumfukuza akigusa tena bila idhini. Na saa ile mwenye gazeti alikuwa ndani ya ndege, simu imezimwa. Chuwa akamtazama mbuzi, akamtazama mzee, akabonyeza.

Kwenye simu ya mlinzi, mzee akafufuka. Haikupita muda Semboja akapiga. "Mzee mwenzangu! Kumbe u mzima? Tunakuja."

Tunu akaishika kamba ya mbuzi. "Bila macho yangu, mngekuwa bado mnalaumu simu."

"Bila mimi ungeona tu hadi kesho," alisema Elinami. "Tena nani aliiandika habari hiyo bila kuona maiti wala kaburi?"

"Na nani alipanga nakala zikae siku nzima, ili asifiwe kwa tovuti yenye kasi?"

Bwana Chuwa akacheka. Wote wawili wakamgeukia. "Na kitufe kilichokuwa cha kila mtu, bosi, nani alikichukua akakifanya cheo?"

Mzee aliwasikiliza kama mtu anayesikiliza nzi. "Mmoja kaniua, mmoja kanizika, mmoja kakalia ufunguo wa kaburi. Sasa wote mnataka nyama."

Alitamani kuondoka na mbuzi wake. Lakini alikwisha kuahidi mbele ya watu, na baba anayevunja ahadi adhuhuri ataipokeaje ya mkwe alasiri? Akanyoosha mkono wenye kamba, akangoja walau mmoja aone haya arudi nyuma. Hakurudi mtu.

Aliyeona, aliyejua, aliyethubutu: angekosekana mmoja, msafara ungegeuza. Mbuzi analia, wageni wako njiani, kanzu bado ina mikunjo. Je, wewe ungemwachia nani kamba ile?