Njia Isiyo na Macho

Kuku mweupe hana pa kujificha. Mtie kati ya weusi, wekundu na wa madoadoa, na jicho la kwanza litamwangukia yeye. Ndiyo maana watu wa kale wakamfananisha na mgeni: apite popote, ataonekana. Wengi huisema methali hii kama onyo, kwamba mgeni achunge mwendo wake. Na waseme. Lakini jicho linalomwona kuku ndilo linalomwona mwewe, na asiyeamini hilo ayasikilize yaliyompata fundi mmoja.

Fundi huyo wa mitambo aliletwa kutoka ng'ambo kwa mkataba, afanye kazi katika kituo cha umeme cha kisiwa chenye joto la kukausha ulimi. Mkataba ulimpa nyumba na mshahara, gari haukumpa. Mkewe alikuwa amebaki kwao akimalizia kazi, hivyo fundi aliishi na binti yao wa miaka saba. Kila asubuhi walitoka kwa miguu, baba mbele na koti la kazi begani, mtoto nyuma akiruka vidimbwi. Wenyeji hawakukawia kumbatiza: Kiguu na Njia. Wavivu wa ulimi wakafupisha: Kiguu.

Jina lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Na laiti lingekuwa jina tu! Barabara nzima ilijua lini amechelewa na nini amebeba.

"Kiguu, kisigino cha kiatu kinakuaga hicho!" mama mshonaji alikuwa akimwambia kutoka kibarazani kwake, mkabala na shule. "Na vitunguu viwili vya jana, vilitosha?"

Dereva wa lori la maji naye hakumpita bila kupiga honi. Fundi aliisikia kama tusi, akakaza shingo na kutazama mbele. Hakujua kwamba kisiwani pale honi kwa mtembea kwa miguu ilikuwa swali moja tu: unapanda?

"Kwa nini wanatuangalia, baba?" binti aliuliza siku moja.

"Hawana kazi. Wakikuita, usigeuke. Wala usiitike. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Baadaye fundi akagundua njia ya nyuma. Ilianzia pembeni mwa shule, ikapenya kwenye mikoko na kutokea karibu na nyumba yao. Maji ya bahari yakitoka, ilikuwa njia kavu na fupi, isiyo na kibaraza wala honi. Waliokuwa na macho humo ni kaa, na kaa akikuona hukimbia. Wakaanza kuipita asubuhi ambazo maji yalikuwa mbali, na fundi akatembea kifua mbele kama aliyeshinda kesi.

Kisha ikaja siku ambayo mtambo mkubwa uligoma. Fundi alizama ndani yake hadi mabega, spana mkononi, na alipotoa kichwa jua lilikuwa limeinama. Shule ilikuwa imeshafungwa! Akatoka guu mosi guu pili. Honi ililia nyuma yake, ikalia tena, hakugeuka. Alifika langoni shati limemganda mgongoni. Akakuta kufuli, na uwanja mtupu kama kiganja.

Mbele yake palikuwa na kibaraza kile kile.

"Mama," alisema akihema, "umemwona mwanangu?"

Cherehani ikanyamaza. Mama mshonaji akamtazama juu ya miwani. "Kumbe una mdomo! Mimi nilidhani wako ni wa kupigia mluzi tu."

"Mama, tafadhali."

Uso wa mama ukabadilika hapo hapo. "Alikusubiri langoni mpaka akachoka. Nikamwita aje akae na mimi. Weee! Akaongeza mwendo kama nimemrushia jiwe, akakata kona ile ya shule. Nikasema labda amekuona huko." Hakungoja jibu. Alisimama, akapaza sauti kuelekea nyumba ya jirani, ambako fundi wa paa alikuwa ameketi juu ya mabati mapya. "Wee fundi! Mtoto wa Kiguu kapita wapi?"

"Mwenye kofia ya njano? Kaingia mikokoni sasa hivi! Si yuko na babake?"

"Babake huyu hapa!"

Nyundo ikaanguka juu ya bati. "Maji yanajaa, jamani!" Fundi wa paa akashuka ngazi kwa kuruka na kukimbilia kona ya shule.

Mama mshonaji alikuwa tayari katikati ya barabara, mikono juu, akisimamisha lori la maji. "Nimempigia honi kule nyuma mpaka kidole kikaniuma!" dereva alifoka. Aliposikia habari, akafungua mlango. "Panda, bwana. Fundi wa paa keshaingia kwa huku, sisi tuzunguke kwa upande wa nyumbani kwako. Leo miguu haikutoshi."

Kiguu akapanda, roho mkononi.

Walipofika, njia ilikuwa imemezwa. Maji ya kahawia yalizunguka mizizi, yakipanda polepole bila kelele. Kutoka ndani ilisikika sauti ya fundi wa paa: "Mtotooo! Itika, mwanangu!" Dereva naye akaita, mishipa ya shingo ikimtoka. Kimya. Wakaita tena. Kimya.

Kiguu alikuwa ameshaingia hadi magotini damu ilipomsimama. Binti yake alikuwa mtoto msikivu. Hakuwa amepotea wala hakuwa kiziwi. Alikuwa anatii.

"Mwanangu!" alipiga ukelele uliompasua kifua. "Ni baba! Itika! Akikuita mtu yeyote, itika!"

"Baba! Niko hapa!"

Fundi wa paa ndiye aliyekuwa karibu. Alimkuta ameng'ang'ania shina la mkoko, maji kiunoni, akampakia mabegani na kumleta hadi mikononi mwa babake.

"Waliniita sana, baba," mtoto alisema, meno yakigongana, kwa sauti ya anayesubiri sifa. "Sikugeuka hata mara moja."

Fundi alimkumbatia, machozi yakimtiririka mbele ya watu wazima wenzake. Dereva akainama kukagua tairi lisilo na tatizo lolote.

Mama mshonaji alifika akitweta, akamfunika mtoto kwa kitambaa cha mteja. "Mwenye nguo akinuna, nitamwambia amshtaki Kiguu."

"Nisamehe, mama," fundi alisema. "Nilidhani mnatucheka."

"Tulikuwa tunakucheka! Mtu anaungua juani na lori linamfuata nyuma, asichekwe? Lakini anayekucheka amekuona, mwanangu. Mngekuwa mnapita bila kuonekana, leo tungemtafuta wapi huyu?"

Fundi alimshusha binti yake chini, akamgeuza awaelekee watu wale watatu. "Wasalimie wakubwa zako," akamwambia.

"Shikamooni," mtoto akasema, na wote wakaitikia kwa pamoja.

Mgeni ni kuku mweupe, na ole wake siku atakapokosa wa kumwona.